Maji ya Asiyekuwepo

3 Juni

Bwana Mongi amekataa tena. Nimemwendea asubuhi na kahawa mkononi, kwa adabu zote alizonifundisha Mama, nikamwomba mamlaka ya mtumiaji mkuu kwenye kompyuta ya ofisi ya kilimo. Wiki moja tu, nisimike mfumo wa zamu za maji, kisha aninyang'anye. Hakuinua hata macho.

"Hedia, jirani akija kwako kuomba kupika, unampa jiko au unampa hati ya nyumba?"

"Nampa jiko."

"Basi jiko ndilo hilo. Una akaunti yako. Pika."

Kahawa ameinywa. Mtu bahili hata wa ruhusa sijapata kumwona. Chama chetu cha maji kina kisima kipya na koki mpya za umeme, lakini kompyuta hakina. Ofisi ya kilimo imetupa kona kwenye mashine yao moja, ile ile yenye vipimo vya mvua na orodha za mbegu za wilaya nzima, na Mongi ndiye msimamizi wake. Anailinda kama mke wa pili.

5 Juni

Nimepika bila hati ya nyumba. Makontena manne, yaani programu zilizofungiwa kila moja chumba chake, yanakwenda chini ya akaunti yangu ya kawaida. La kwanza lina hifadhidata ya zamu: nani, shamba gani, saa ngapi. La pili linafungua na kufunga koki. La tatu linatuma ujumbe kwenye simu za wenye zamu. La nne linaonyesha ubao wa zamu kwa yeyote anayetaka kuuona. Faili moja la maelezo linayaamsha yote kwa mpangilio, hifadhidata kwanza, maana wenzake wakiitangulia hulia mpaka wanazimika.

Nilitaka ubao ukae mlango namba themanini kama tovuti za watu. Mashine ikanijibu: ruhusa imekataliwa. Milango ya namba ndogo ni ya wakubwa. Haya, nimehamia elfu nane na themanini. Nilipomsimulia Baba alicheka mpaka akaweka glasi ya chai chini.

"Kumbe hata humo ndani kuna Mtaa wa Juu na Mtaa wa Chini kama hapa kwetu!"

8 Juni

Leo Baba amenipeleka penye mgawanyiko wa mifereji, niione kazi yake kabla sijaiharibu, amesema hivyo hivyo. Yeye ndiye mgawa maji hapa, kama alivyokuwa babu. Asubuhi mpaka adhuhuri ni maji ya Mtaa wa Juu, alasiri mpaka usiku ni ya Mtaa wa Chini, na zamu ya kila shamba hurudi baada ya siku nane. Ndivyo ilivyo tangu mitende hii haijawa mitende.

Anayemaliza zamu humwambia anayefuata, "Maji yako." Anayefuata hujibu, "Nimeyapokea." Asiyefika, na asiwe na mtu wa nyumbani kwake aliyesimama pale, Baba hufunga. Hana huruma wala undugu katika hilo. Mwenye safari huja kabla, husema mbele ya mashahidi wawili, "Maji yangu yatembee bila mimi," Baba hujibu, "Yatembee," na hapo ndipo maji yanapopata ruhusa ya kwenda kwa mtu asiyekuwepo.

"Sasa koki zitajifungua zenyewe," nikamwambia. "Maneno ya nini tena?"

"Koki ifungue. Mdomo ukabidhi."

Ami Khlifa alikuwa pale akingoja zamu yake ya magharibi. Ni wa Mtaa wa Chini, sisi ni wa Juu, lakini ni rafiki wa Baba tangu walipokuwa jeshini, na binti yake Saloua ndiye rafiki yangu wa kwanza duniani. Shamba lake liko mwisho kabisa wa mfereji. Akanitazama toka juu mpaka chini.

"Lazhar, huyu binti yako ndiye atanipa maji sasa?"

"Mashine itakupa, ami," nikasema.

"Mashine haijui kuona haya. Mimi maji yangu napenda nipewe na mtu anayeona haya."

Wakacheka wote wawili, na mimi nikacheka.

14 Juni

Joto. Hakuna zaidi.

17 Juni

Aibu. Nilikuwa nafuta hifadhidata ya majaribio, nikakosea folda, nikafuta kazi yangu nzima ya wiki. Na kwa kejeli, folda niliyoitaka imekataa kufutika: mafaili yaliyoandikwa na kontena yana mmiliki mwenye namba ndefu ya ajabu, si mimi, ingawa kontena ni langu. Mtumwa wangu ananiambia mimi si bwana wake!

Ningekuwa na mamlaka niliyoyaomba, kosa lile lile lingefagia na vipimo vya mvua vya miaka yote. Sitamwambia Mongi. Akijua atanikumbusha mpaka nizeeke.

28 Juni

Mfumo unakwenda mchana na usiku. Nauacha umewaka, nafunga kioo cha kompyuta tu kwa nywila, naenda zangu. Koki zinafunguka kwa saa, simu zinalia, watu wanakuja kupokezana. Ami Khlifa ameleta lagmi ya asubuhi, utomvu wa mtende, ile tamu ambayo haijapata kuchacha, ameiweka mlangoni kwetu bila kusema ni ya nani. Mama akasema, "Huyo ameshaanza kuipenda mashine, anaona aibu kukiri."

1 Julai

Saa za kiangazi zimeanza: kazini mpaka saa nane mchana, kisha ofisi inafungwa. Mongi amebandika amri ukutani. Kila mtu atoke kabisa kwenye akaunti yake kabla ya kuondoka, na atakayesahau mashine itamtoa yenyewe akikaa nusu saa bila kugusa kitu. Kwa ajili ya usalama, anasema. Mtu huyu angeweza kuweka kufuli kwenye pumzi zake. Nimetoka kama nilivyoamriwa, nikaenda kulala.

2 Julai

Jua linatua, Saloua anapiga simu. "Hedia, maji ya Baba hayajaja, na wa jana usiku wanasema nao walikosa."

Nikakimbia ofisini na kanga ya Mama kichwani, mlinzi akanifungulia, nikaingia kwenye akaunti. Makontena yote manne yapo, yanawaka kijani, hayana habari. Yanaonyesha yameanza sasa hivi. Umeme, nikasema. Mchana kutwa upepo wa moto wa shehili ulikuwa unavuma na umeme ulikatika mitaa miwili. Dakika chache baadaye Saloua akanipigia kwamba maji yanaingia. Nikakaa mpaka zamu ikaisha. Nusu yake ilikuwa imeshapotea.

4 Julai

Wawili wa Mtaa wa Chini wamekosa jana. Umeme tena. Nimemwomba Bwana Mongi betri.

5 Julai

Nilibaki ofisini mpaka usiku kumaliza kazi nyingine. Hakuna aliyekosa. Umeme leo ulikuwa mzuri.

7 Julai

Wanne. Wote wa Chini.

10 Julai

Ami Khlifa tena. Safari hii nilikuwa arusini Kebili na simu ilikuwa ndani ya mkoba wa Mama. Nilipofika ofisini zamu ilikuwa imekwisha. Nikaenda kwao nikiwa bado na hina mbichi mikononi. Yeye alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mfereji mkavu, amevua viatu, miguu imo ndani ya mchanga mahali pa maji.

"Ami, nisamehe. Ni umeme."

"Umeme," akasema. "Umeme wenyewe unajua mtaa?"

"Ami!"

"Nauliza tu. Mtaa wa Juu hamjakosa hata tone. Huo umeme una ramani?"

Nilirudi nyumbani nikilia kwa hasira, maana ameniumiza, na kibaya zaidi anachosema ni kweli. Hakuna hata mmoja wa mtaa wetu aliyekosa.

11 Julai

"Umeme gani?" Mongi ameniuliza. "Betri ipo chini ya meza tangu mwaka juzi. Njoo utazame."

Akanionyesha kwenye kioo idadi ya siku ambazo mashine imekaa imewaka. Mashine haijazimika hata mara moja tangu Mei.

Nimekaa nikiitazama ile namba. Kama mashine haikuzimika, basi makontena yangu yalizimwa. Kuna mkono. Na mwenye mkono juu ya mashine hii ni mtu mmoja tu.

12 Julai

Nimemwambia. Sikupanga, lakini nimemwambia, mbele ya watu, nimesimama mlangoni pa chumba chake.

"Ni wewe unayezizima programu zangu."

"Mimi?"

"Hukutaka tangu mwanzo. Ukaninyima mamlaka ili nisione unachofanya."

Alivua miwani. Ana macho madogo bila miwani, yanaonekana yamechoka. "Hedia, sijagusa akaunti yako. Siingii chumbani kwa mtu kwa sababu tu ninao ufunguo."

"Mwizi pia husema hivyo."

Lo, ulimi wangu! Akavaa miwani yake, akarudi kwenye kazi. Kesho anaanza likizo, anaenda Gabès kwa dada yake. Nasema waziwazi kwenye karatasi hii: nimefurahi. Akiondoka, maji yatarudi.

16 Julai

Wawili wa Chini wamekosa. Mongi yuko Gabès, baharini.

Mama amepika supu ya chorba ninayoipenda. Nimemsogezea Baba bakuli langu.

18 Julai

Leo nilikuwa tayari. Zamu ya ami Khlifa ni magharibi, kwa hiyo alasiri nikaenda ofisini, nikaingia kwenye akaunti, nikakagua koki moja moja. Kila kitu kijani. Nikaona nisiitazame mashine tu, nikayatazame na maji. Nikatoka kwenye akaunti, nikamshukuru mlinzi, nikatembea haraka kwenda mgawanyiko wa mifereji, nisimame na Baba.

Walikuwepo wengi. Habari imeenea, Mtaa wa Chini wamekuja kushuhudia. Saloua alikuwa upande wa baba yake, na aliponiona alitazama pembeni. Jua likashuka. Yule wa kabla akasema, "Maji yako," ingawa mfereji ulikuwa umenyamaza. Sote tukageukia koki ya ami Khlifa.

Haikufunguka.

Baba akamtazama rafiki yake. "Khlifa, maji yako," akarudia, taratibu, kana kwamba neno litayavuta.

Ami Khlifa alipaswa kujibu, "Nimeyapokea." Ndivyo inavyosemwa hata maji yakiwa machache, hata yakiwa na tope. Alimgeuzia Baba mgongo. Miaka yote sijapata kuona mtu akimgeuzia mgawa maji mgongo.

"Nipokee nini, Lazhar? Tazama mitende yangu ya chini, matunda yanasinyaa yangali mabichi. Nipokee maneno?"

Nilikuwa nimeshaanza kukimbia. Mwendo kutoka pale mpaka ofisini ni mrefu, vumbi linaingia kifuani. Mlinzi alinifungulia bila kuuliza. Nikaingia, makontena yakaamka mbele ya macho yangu, moja, mbili, tatu, nne, yamenitazama kama watoto waliokuwa wanajifanya wamelala. Maji yakaenda. Lakini kufika mwisho wa mfereji yana safari yake, na ami Khlifa alipata ya kulowesha midomo tu.

Narudia kuandika ili niamini. Umeme haukukatika. Mongi hayupo. Ofisini hakukuwa na mtu. Nani?

19 Julai, Ijumaa

Baada ya sala watu hawakutawanyika. Sisi wanawake tulikaa upande wa ukuta. Ami Khlifa alisimama, na sikuwahi kumsikia akizungumza kwa sauti ndogo namna ile.

"Sina mengi. Maji yanamtii binti Lazhar. Akiwa amekaa kwenye kiti chake, yapo. Akiinuka, hayapo. Na amepanga kukaa wakati wa watu wake na kuinuka wakati wetu. Sisi hapa jina la jambo hilo tunalijua."

Kuna mtu nyuma akalitamka. Wezi wa maji.

Hapa kwetu mtu akiua, watu husema shetani alimpitia. Akiiba maji, hawamwozeshi mtoto. Niliona mkono wa Mama ukishika ushungi wake. Nilitaka kupiga kelele, lakini Baba alishasimama.

"Zamu ya Khlifa inarudi tarehe ishirini na sita," akasema. "Ikikosa tena, mimi si mgawa maji. Mtaniondoa mimi na jina langu. Na huyu binti hatagusa koki tena."

"Baba, usi..."

"Nyamaza, Hedia."

Baba alipofika nyumbani alivua kofia yake, akaikung'uta vumbi, akaitundika, akaenda kulala mchana. Baba yangu halali mchana.

21 Julai

Nimeliona! Mtume! Nimeliona!

Asubuhi niliingia kwenye akaunti, lakini sikuwa na ujasiri wa kukaa pale, nikaiacha wazi nikamfuata Baba mgawanyikoni. Kuna mwenye zamu wa mtaa wetu, binamu yetu kabisa, hakufika. Yule wa kabla yake akasema, "Maji yako," hewani. Baba akangoja kidogo, akaita mara moja, kisha akaweka bamba la mbao kwenye mfereji wa binamu yetu na kuyageuza maji.

"Baba, atakuwa njiani tu."

"Maji ya asiyekuwepo hufungwa. Hilo bamba halimchukii mtu. Hajaaga, hayupo, nafunga."

Hajaaga, hayupo, nafunga. Na papo hapo nikamsikia ami Khlifa: akiwa amekaa, yapo, akiinuka, hayapo. Lisemwalo lipo, wallahi. Lile tusi lilikuwa ukweli mtupu neno kwa neno na mimi nilikuwa nimelilia!

Nikakimbia ofisini. Nikasoma maelezo ya mfumo, kurasa ambazo ningepaswa kuzisoma Juni badala ya kununa. Imeandikwa wazi. Mtumiaji wa kawaida akitoka kwenye akaunti yake, mashine huzima kila kitu alichokiacha kinakwenda. Akirudi, vilivyopangwa kuamka huamka. Mtumiaji mkuu angeendesha makontena yake kwa jina la mashine nzima, hayamngoji mtu. Yangu yanakwenda kwa jina langu, na mimi nikiondoka, jina limeondoka. Juni sikuwa natoka, nilikuwa nafunga kioo tu. Tangu Julai naingia kila asubuhi, hata siku za mapumziko, na kutoka saa nane, na Mtaa wa Juu wamekwisha kunywa.

Nimejaribu. Nimetoka kwenye akaunti, nikaenda kisimani kwa miguu, nikakuta koki iliyopaswa kuwa wazi imefungwa. Nikarudi, nikaingia, ikafunguka. Mara tatu. Mlinzi alidhani jua limenipanda kichwani.

Hakuna mwizi. Ni mimi mwenyewe, kila siku, kwa mkono wangu, nikidhani natii amri.

Na ipo dawa, kwenye ukurasa ule ule. Msimamizi anaweza kumruhusu mtumiaji fulani programu zake zibaki hata asipokuwepo. Hampi mamlaka makuu wala ufunguo wowote. Mstari mmoja tu wa amri, na wa kuuandika ni msimamizi. Yule yule niliyemwita mwizi.

22 Julai

Nimempigia Mongi mara tano. Hapokei. Namwelewa.

Mchana amepokea. Nilisikia bahari nyuma yake na watoto wakipiga mayowe.

"Bwana Mongi, nimekukosea. Nilikuita mwizi mbele za watu na wewe hukufanya kitu. Nisamehe."

Akauliza: "Umepata nini?"

Nikamweleza. Akapiga ulimi. "Ile amri yangu ya ukutani. Nilijua inawatoa watu, sikukumbuka wewe umeacha jiko linawaka." Kisha akasema jambo baya: hawezi kuandika mstari ule akiwa Gabès. Mashine haifikiwi kutoka nje. Aliifunga yeye mwenyewe.

"Likizo yangu inaisha tarehe thelathini," akasema.

Nilisema sawa. Nifanyeje? Mtu uliyemtukana huwezi kumwamuru aache bahari.

23 Julai

Nimeamua kukaa. Kama maji yanataka mwenyewe awepo, nitakuwepo. Mlinzi ameniwekea godoro. Kila baada ya muda naigusa mashine ili isinitoe.

Alasiri Saloua amekuja. Amesimama mlangoni na mfuko wa mikate.

"Baba anasema unajificha."

Nikamwambia kaa, tazama. Nikatoka kwenye akaunti, nikampa simu azungumze na mdogo wake aliyekuwa kisimani. "Imefungwa," mdogo wake akasema. Nikaingia. "Imefunguka." Saloua akaiweka simu mezani.

"Kwa hiyo umekuwa ukitufungia maji kila ukienda kula?"

"Ndiyo."

"Wewe ni mjinga, Hedia."

"Ndiyo."

"Afadhali," akasema, na machozi yakamtoka. "Wallahi afadhali mjinga. Nilishaanza kukuchukia." Akavuta kiti. "Nenda kaoge, unanuka. Nionyeshe kitufe cha kugusa."

24 Julai

Tumepokezana. Hakuna aliyekosa. Saloua anagusa kitufe kwa kidole kimoja kama anayempapasa nge.

Amemweleza baba yake. Jibu lake: "Kwa hiyo nitegemee binti mmoja asisinzie? Huo si mfumo wa maji, huo ni mkesha." Na ana haki. Leo nimesinzia, mashine imenitoa, Saloua akaniamsha kwa kofi.

26 Julai

Asubuhi mapema gari la abiria kutoka Gabès limesimama mbele ya ofisi, akashuka Bwana Mongi. Amevaa kandambili, pua imeungua kwa jua, na mkononi ana kikapu cha samaki ambacho dada yake amekilazimisha. Siku nne za likizo ameziacha. Nikasema, "Samaki wataharibika."

"Wapeleke kwa mama yako. Na muite baba yako, na huyo Khlifa. Sitaki mtu aje kusema tumefanya kitu gizani."

Wakaja wote wawili. Hawakusalimiana. Ami Khlifa alibaki mlangoni, fimbo mbele. Mongi akakaa kwenye kiti, akaandika mstari mmoja wenye jina langu ndani yake, lakini kidole akakiacha juu ya kitufe.

"Kabla sijabonyeza," akasema, "huyu alitaka nimpe mamlaka ya mashine nzima. Bado simpi."

"Usinipe," nikasema. "Juni nilifuta folda yangu kwa makosa. Ningefuta na mvua yako."

Alinigeukia polepole. "Umesema nini?"

"Bonyeza, Bwana Mongi."

"Ngoja," akasema Baba. Alikuwa amesimama wima kama anavyosimama mgawanyikoni. "Hapa kuna mtu anayetaka kuondoka na maji yake yaendelee. Lina namna yake ya kusemwa. Sema, Hedia."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Ami Khlifa akaacha kuegemea mlango.

"Maji yangu yatembee bila mimi," nikasema.

Mongi si wa hapa, ni mtu wa pwani, lakini miaka mingi amekunywa chai yetu. "Yatembee," akajibu, akabonyeza.

Nikatoka kwenye akaunti mbele yao. Tukatoka sote, mlinzi akafunga, ami Khlifa akachukua ufunguo akautia mfukoni mwake. Kutwa nzima sikukaribia jengo lile. Nilikaa barazani kwetu nikigombana na Mama kuhusu samaki.

Magharibi tulikuwa mgawanyikoni, na watu wa mitaa yote miwili. Yule wa kabla akamaliza. Nikafumba macho. Nikasikia kwanza mlio wa koki, kisha ule mguno wa bomba linapopata maji, na mtu akasema, "Alhamdulillahi."

Baba hakuutazama mfereji. Alimtazama rafiki yake.

"Khlifa. Maji yako."

Ami Khlifa aliyatazama yakipita miguuni pake, yamebeba majani makavu na vumbi la wiki tatu. Akainama, akalowesha kiganja, akajipaka usoni.

"Nimeyapokea, Lazhar," akasema.

Baba akaondoka upesi, akajifanya ana jambo la kutazama kwenye bamba la mfereji wa pili. Mimi nililia hadharani na sikujali.

9 Agosti

Tumekwenda kutazama hasara. Mitende ya chini kabisa ya ami Khlifa haitakuwa na tende za kuuza mwaka huu. Nilitaka kusema neno, akanizuia: "Mbuzi watakula. Mwakani zipo." Lakini alipokuwa anazigusa zile tende zilizonyauka hakunitazama.

22 Agosti

Mongi amebandika amri mpya ukutani. Mstari wa mwisho: "Anayeacha jiko linawaka aseme." Kila mtu anauliza jiko gani.

5 Septemba

Mawingu. Watu wanafunika mikungu ya tende kwa haraka.

4 Oktoba

Mavuno yameanza, viganja vyangu vimejaa miiba. Jioni ami Khlifa alikuja mgawanyikoni mapema, amevaa koti lake la safari. Anakwenda Sfax kufanyiwa upasuaji wa macho, na Saloua anamsindikiza. Nyumbani kwao hatabaki mtu wa kusimama mferejini.

"Mtafute mtu asimame," Baba akamshauri. "Nitamkabidhi maji mimi mwenyewe akikubali."

"Sina haja ya mtu." Akaiweka fimbo chini, akasimama kama inavyotakiwa. "Maji yangu yatembee bila mimi."

"Mashahidi?" akauliza Baba.

Ami Khlifa akanyoosha kidole kwa Bwana Mongi, aliyekuwa amekuja kununua tende. Kisha, kwa macho yale yasiyoona vizuri, akanitafuta kati ya watu mpaka akanipata.

"Na huyu."

"Yatembee," akasema Baba.

Nikasogea mbele, nikashuhudia.